Mikono ya Mtaalamu

Nilipopata kazi ya kuhifadhi vyura na nyoka, shangazi aliuliza kama diploma nzima ilihitajika ili mtu aitwe mama vyura. Nikamjibu kwamba wapo walioolewa nao. Akageuka kumtazama mumewe.

Kituo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi ya maji. Cha ndani kilikuwa na tangi la kioo lenye vyura tisa, wa mwisho kutoka kijito kilichofukiwa ili magari yapate pa kuegeshwa. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu; ripoti yenye saini ya mkuu ndiyo ingenipa mkataba.

Mkuu tulimwita Mtaalamu, kejeli aliyoipokea kama cheo. Miaka kumi na mmoja kazini, nyoka alimjua kwa picha ya kalenda. Karatasi alizisaini bila kuzisoma. Kusoma, alisema, ni kazi ya wadogo.

Walipokuja wageni, alijipaka kitakasa mikono mpaka viwikoni, akataka kupigwa picha na chura kiganjani. Nikamnong'oneza kwamba chura hupumua kwa ngozi, dawa ile ingemwingia mwilini. Anawe kwanza, kisha alowanishe mikono kwa maji ya tangi. Akacheka ili wageni wasikie.

"Binti, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Akawashika wanne, mmoja baada ya mwingine, akichagua atakayependeza naye.

Asubuhi wanne walikuwa chali. Mtaalamu akawatazama kama soksi za jirani, akaniagiza niandike kwamba wameuawa na joto. Tena katika ripoti ile ile ya mkataba wangu.

"Andika, mwanangu, nisaini leo leo."

Nikaandika. Chanzo cha vifo: kitakasa mikono, mikononi mwa mkuu wa kituo, mbele ya wageni sita. Nyuma nikabandika picha yake na chura kiganjani, meno yote nje.

Nikamwekea mezani. Akauliza, kalamu tayari mkononi, kama mambo yamekaa sawa.

"Nimeandika kilichowaua."

"Safi. Ukinisikiliza utafika mbali."

Akasaini, kurasa zote tatu, huku akizungumza kwenye simu. Nikaifunga bahasha ya makao makuu, nikaipeleka mwenyewe. Kisha nikanawa, nikalowanisha mikono, nikawahamishia watano waliobaki kwenye maji mapya.