Averil ya Sita

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya tarehe nne Machi, manowari tano zilizokwisha kuzama zilionekana zimefungwa kwenye gati la jeshi la majini huko Devonport, nyuma ya ile iliyokuwa ikijiandaa kuondoka. Tatu zilikuwa za mbao, ya nne ilikuwa na matanga na bomba la moshi, ya tano ilikuwa ya chuma. Zote ziliandikwa Averil, sawa na ile ya mbele. Msimamizi wa gati aliandika jina hilo mara tano daftarini, kisha akalalamika kwamba kamba zao zimeziba njia ya lori la mikate.

Hedley Rowse alizipita na patasi zake begani. Katika jeshi lile la majini, meli mpya hurithi jina pamoja na ushindi wa zilizolibeba kabla yake, na kazi ya Hedley ilikuwa kuuchonga ushindi huo kwenye ubao wa mwaloni na kuupaka dhahabu. Kuzama hakuchongwi.

Binti yake Kerensa, fundi katika meli hiyo mpya, alikuwa akimngoja kwenye ngazi ya kupandia na pai mbili za nyama.

“Umechelewa, baba. Yako nilishaanza kuimega.”

“Lori limekwama. Ule mlango wa nyuma, wa tezi, je?”

“Vilevile. Mpira umepasuka, ukifunga maji yanapita. Nimeandika mara tatu.”

Kerensa alimpa barua aliyojibiwa. *Itashughulikiwa meli itakaporudi.*

Ndani ya meli, wafu wa zile tano walikuwa wamejipanga mbele ya ubao, wakichuruzika maji. Hedley aliwaomba wasikanyage msasa wake. Mmoja wao, Obadiah Crews, seremala wa Averil ya kwanza, alipitisha kidole kwenye herufi.

“Mkono mzuri,” alisema. “Sisi tuko wapi?”

“Mlishinda vita gani?”

“Hatukufika vitani. Mbao za tezi zilikuwa zimeoza. Siku ya pili tukazama.”

“Basi hamumo.”

“Haya,” alisema Obadiah, akatoa barua kotini. Mchochea makaa wa ile ya chuma akatoa ya kwake. “Sisi ilikuwa pampu,” alisema. Zilipatikana barua tano, zilizotaja kasoro tano tofauti, zikiwa na jibu lilelile. Ya mwisho ilikuwa imepigwa chapa.

Hedley aliongeza ya Kerensa, akazipeleka zote kwa Kapteni Lanyon. Kapteni alizisoma moja baada ya nyingine, hata zile zilizolowa.

“Ziko sawa, mzee Rowse. Zote zimesainiwa.”

“Binti yangu yumo, afande.”

“Najua. Fundi hodari. Ndiyo maana namhitaji.” Alizipanga kwa tarehe, akamrudishia. “Maji yanajaa saa tano. Ubao utakuwa tayari?”

“Utakuwa tayari.”

Hedley alirudi kwenye ubao, na chini ya ushindi wa mwisho akachonga: *Mlango wa tezi haufungi.* Ofisa mmoja kijana alizijaza herufi hizo kwa gundi na vumbi la mbao, akapiga msasa, akamshukuru kwa kazi nzuri.

“Shuka, mwanangu,” Hedley alimwambia Kerensa ngazini.

“Nikishuka, zamu ya mlango anapewa Jory. Jory hata kabati lake linamshinda kufunga.”

“Basi Jory naye ashuke.”

“Na wengine mia na themanini, baba? Nenda nyumbani. Ile pai imalizie.”

Saa tano na dakika sita kamba zilifunguliwa. Kerensa alisimama tezini, karibu na mlango, akapunga mkono mpaka meli ilipopinda. Hedley alibaki gatini na pai mkononi.

Msimamizi aliwataka wafu, waliokwisha kurudi kwenye meli zao, wazisogeze mbele, kwenye nafasi iliyobaki wazi, ili lori lipite.

“Hapo pana mwenyewe,” alisema Obadiah Crews.

Msimamizi aliipima nafasi hiyo kwa hatua, kisha kwa kamba. Ilikuwa mita mia moja thelathini na tatu, urefu uleule wa meli iliyoondoka. Alimwashiria dereva wa lori arudi nyuma. Saa tano na dakika arobaini aliandika Averil daftarini kwa mara ya sita, chini ya zile tano, akaacha wazi sehemu ya saa ya kuwasili.