Nyumba Iliyokaa Bila Mtu

Mwezi wa nne mwaka wa tisini na sita, Wanyama aliugua mapafu akalazwa katika hospitali ya Mukumu. Mkewe Navalayo alifunga nyumba yao ya matofali mjini Kakamega, akaenda kumuuguza. Siku arobaini na tatu alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake.

Daktari alipowaruhusu, Navalayo alitangulia nyumbani ili afagie. Alipofungua mlango, uvundo ulimrudisha nyuma. Bomba lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta wa jikoni, na kuvu nyeusi ilikuwa imetanda kila chumba, hadi kwenye godoro na makoti ya Wanyama.

"Mgonjwa wa mapafu asikanyage humo," daktari alionya alipoelezwa. "Bandueni lipu yote, kuta zikauke kwanza."

Navalayo akakimbilia bima waliyoilipia miaka kumi na moja. Kampuni ikamtuma mkaguzi, kijana mpole aitwaye Weldon.

"Mama, nyumba ilikaa bila mtu siku ngapi?"

Hakuona sababu ya kudanganya. "Arobaini na tatu. Nilikuwa hospitalini na mzee."

Weldon aliacha kuandika. "Mkataba unasema zikizidi thelathini, hasara ya maji hailipwi. Wala kuvu iliyotokana nayo."

"Kwa hivyo ningemwacha peke yake?"

"Pole sana, mama," alisema, macho chini.

Wanyama akapelekwa kwa dada yake, Roda, kijijini Khayega. Navalayo alimwambia mumewe kwamba mafundi walikuwa wanapaka rangi. Fundi hakuwepo hata mmoja. Kila asubuhi alijifunga leso kichwani, akaenda kuparuza kuta mwenyewe kwa mwiko, mpaka viganja vikachubuka.

"Sebuleni wapake rangi ya maziwa," Wanyama alimwagiza.

"Ndiyo hiyo hiyo wanayopaka, Baba Ayuma."

Wiki ya tatu, akiwa amepanda kiti akibandua lipu ya chumbani, alimwona Roda mlangoni, miguu mitupu. Akajua kabla ya kuambiwa.

"Na mimi sikuwepo," alisema. "Amekufa akidhani nyumba yake inamngoja."

Roda alimshika mkono, akamshusha kutoka kitini.

"Alijua, mulamwa, wifi yangu. Kila jioni ulirudi na vumbi la lipu kwenye nyusi. Aliniambia, 'Anachoka kwa ajili yangu. Usimwambie nimejua, atavunjika moyo.'"

Navalayo aliketi kwenye sakafu yenye unyevu, akalia kwa sauti. Roda naye akaketi kando yake.