Nyuso za Kijani Dukani kwa Stenerud

Curtis Stenerud alijifunza kuendesha duka kwenye simu. Ulikuwa mchezo wa supamaketi: wateja wanaingia, na juu ya kichwa cha kila mmoja kuna uso. Wa kijani ameridhika, mwekundu amekasirika. Curtis alicheza siku mia tatu bila uso mwekundu hata mmoja, na akajiona bingwa.

Baba yake, mwenye duka la vyakula mjini kwetu, alipofariki, mji mzima ulipeleka mabakuli ya chakula cha kuokwa. Sisi watu wa Minnesota hatujui kulia na mfiwa, tunampikia. Kisha mama yake akamwambia, "Wateja wakiwa bado na furaha hadi Pasaka, duka ni lako. La sivyo nauza jengo." Mimi, niliyekuwa keshia hapo kwa miaka ishirini na mbili, sikumwonya mama yake. Kwa hilo najilaumu.

Kwanza aliondoa meza ya kahawa mlangoni, walipokaa wazee kuisema theluji. Kwenye mchezo, asiyenunua anaziba njia. Kisha akanikataza kupiga soga na wateja. Mwisho akaweka mashine ya vitufe vya nyuso pale mlangoni, akasimama kando yake akichekacheka.

"Bibi Ostby, umeonaje huduma?"

"Aa, si mbaya, Curtis. Si mbaya kabisa." Akabonyeza kijani.

Nani angebonyeza chekundu mbele ya mtoto wa watu? Huku kwetu ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anakuomba radhi.

"Asilimia mia, LaVonne!" Curtis alinitambia kila jioni.

"Ya watu wangapi?"

"Wewe nawe! Huishi kutafuta kasoro."

Watu walikuwa wanaendesha gari dakika arobaini kwenda kununua maziwa mji wa pili.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Bibi Ostby aliingia na bakuli lililofunikwa, jina lake limebandikwa chini ili lirudishwe. Akamshika Curtis mkono, akatoka bila kununua kitu. Akaja mwingine, na mwingine. Kufikia adhuhuri mabakuli yalikuwa tisa juu ya kaunta.

"Unaona wanavyonipenda?" Machozi yalimlengalenga. "Hata kwenye mchezo hawaleti zawadi!"

Nilifunua la Bibi Ostby. Nyama ya kusaga, supu ya uyoga, viazi juu. Nilimkasirikia yule kijana na kumhurumia papo hapo.

"Curtis mwanangu, mara ya mwisho Bibi Ostby alikupikia hiki lini?"

Akawaza huku anatabasamu. Kisha akayatazama mabakuli, akalitazama duka tupu, na tabasamu likamtoka.

"Kwenye msiba wa baba," akasema.

Mlango ukafunguka. Mzee Dahlgren aliingia amevaa tai, kabeba bakuli la kumi. Akaliweka, akavua kofia.

"Pole sana, Curtis."

Na alipokuwa anatoka, kwa adabu zake zote, akabonyeza uso wa kijani.