Moto Ulionyamaza

Begi langu lilikuwa limeshapanda lori, na mguu mmoja ulikuwa kwenye kikanyagio, nilipokumbuka kwamba sijamuaga shemeji yangu vizuri. Nilimwambia "haya" tu mlangoni, kama mtu anayekwenda dukani. Yeye ni mjane wa kaka yangu, na kwake ndiko ninakofikia kila miguu inapochoka.

"Dakika tu," nilimwambia dereva.

"Mzee, dakika zako nazijua. Zina wajukuu."

Nilimkuta shemeji jikoni, anapangusa sufuria. Macho yake siku hizo yalikuwa na ukungu. Sufuria ilikuwa nyeusi tii chini, na yeye anaipangusa kwa raha zake, akidhani inang'aa.

"Umesahau nini, mzururaji?"

"Nimesahau kukwambia sufuria yako ina masizi."

Mkono ukasimama. "Mengi?"

"Ya kuandikia barua."

Hakucheka, na nilijua kwa nini. Binti yake, muuguzi, alishasema bila kuficha: moto wa jiko lile la gesi umekuwa wa manjano, bana zinazotoa moto zimeliwa, ni hatari. Alinunua bana mpya, akaziacha kwenye boksi juu ya kabati, aje fundi azifunge. Binti akija leo mchana akute bado, mtungi anaubeba, na mama anambeba, wakaishi wote kwake.

"Fundi hakuja?"

"Alikuja. Nikamfukuza."

"Kisa?"

"Ana haraka kama wewe." Akaiweka sufuria chini. "Kule kwa binti yangu kuna dada wa kupika. Mimi nitawekwa kwenye kochi kama mto."

Honi ikalia. Nilitoka nikamwambia dereva anywe chai kwanza, nikarudi nikikunja mikono ya shati.

Nilifunga mtungi, nikaacha jiko lipoe. Nikainua vyuma vya kuwekea sufuria, halafu vifuniko vidogo vinavyokaa juu ya bana, halafu bana zenyewe. Zilikuwa zimechakaa kweli. Matundu ya pembeni, mengine yameziba, mengine yameungana. Chini ya kifuniko cha bana kubwa nilikuta kipande cha bati kilichokunjwa, kimekiinua kifuniko upande mmoja.

"Nani alikutilia takataka hii? Fundi wa kulipua huyo."

Shemeji aliichukua tena sufuria yake, akaipangusa. Nikakitupa kwenye ndoo.

Nikazibua kwa pini pale gesi inapotokea, nikapangusa, nikaweka bana mpya, kila kifuniko kikalala sawa juu ya bana yake. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa mtungi kuona kama unavuja. Hauvuji. Nikawasha. Moto ukatoka wa buluu, mfupi, umejipanga kama meno ya mtoto.

"Haya, njoo!"

"Washa basi," alisema.

"Umewaka."

"Acha utani, shemeji."

"Umewaka, nakwambia."

Akanyoosha mkono kwenda kwenye moto. Nilimdaka kifundo cha mkono kwa juu tu, joto likitupiga sote wawili. Tukabaki hivyo, nimemshika.

"Ule wa zamani ulikuwa unavuma," alisema polepole. "Macho yalipoanza kuniacha, kaka yako alikiinua kile kifuniko kwa bati. Akaniambia, sasa utausikia hata ukiwa uani."

Nilitazama ndoo. Lile bati ndilo lililokuwa linaleta masizi, pamoja na uchakavu. Nikilirudisha, binti anambeba mama yake. Nisipolirudisha, namwachia mtu moto asioujua ulipo.

"Ungesema mapema."

"Ningesema, mngejua kwamba hata moto siuoni."

Kumbe ndiyo maana fundi alifukuzwa.

Binti aliingia na sare yake ya kazi. Akaniona, akaona moto, akaona nilivyomshika mama yake mkono juu yake. "Baba mdogo! Si uliondoka?" Kisha akamgeukia mama yake, kwa upole. "Mama, zima, halafu uwashe mwenyewe."

Shemeji alizima, akapiga kibiriti, moto ukashika. Akainama kuusikiliza. Hakusikia kitu. Akidhani haujashika, akapapasa swichi, akaizungusha, akairudisha. Moto ukafa na gesi ikaendelea kutoka. Binti akaifunga upesi.

"Umeona, baba mdogo?" Mkono wake bado ulikuwa umeishika swichi. Hakuwa ameshinda chochote.

Nje dereva alilaza mkono kwenye honi.

"Nitakaa naye mpaka auzoee," nilisema.

Walicheka wote wawili, mama na mwana. "Wewe? Ukae?" alisema binti. "Hata msiba wa baba ulikaa umesimama!"

"Basi nitakaa nimesimama."

Akamtazama mama yake, kisha mimi. "Nitakuja kumjaribu tena. Akishindwa, nambeba."

Nilikwenda kulishusha begi. "Sasa nani atanipigia soga njiani?" dereva aliuliza. Nikamwambia awashe redio.

Mimi na shemeji tukaanza mazoezi. Tulifunga mlango wa barabarani ili kelele zisiingie, dirisha tukaliacha wazi gesi isije ikajaa ndani. Mwanzoni alisikia birika tu, maji yanapoanza kunung'unika. Nikamfundisha vidole vyake vijue swichi inaposimama. Halafu asubuhi moja aliinua kidole.

"Kumbe unasema. Mdogo mdogo, kama kitambaa kinachoburutwa sakafuni."

Nikazima kwa kuiba.

"Washa, mwizi wewe," alisema, bila kugeuka.

Binti alikuja, akamjaribu, akarudi kwake peke yake. Mimi niliondoka mvua zilipokatika. Shemeji aliendelea kupika jikoni kwake mpaka magoti yalipokataa kusimama, akahamia kwa binti yake kwa hiari yake, na huko alifariki. Nyumba iliuzwa na jiko lake ndani. Dada wa kupika aliolewa. Binti anapika mwenyewe sasa, na chumvi inamzidi. Dereva aliuza lori, anafuga kuku. Mimi nimepanga chumba karibu na maegesho ya malori, na bado sijanunua kitanda.