Malimbikizo ya Dereva

Dereva wa gari la wagonjwa alipandishwa cheo, lakini mshahara mpya ulichelewa miaka minne. Malimbikizo yalipoingia kwa mpigo, karibu theluthi ilikuwa imekatwa.

"Hela nyingine umempelekea nani?" mkewe alimuuliza.

"Ni kodi, mama watoto."

"Kodi gani hiyo yenye tumbo kubwa hivyo?"

Mume alichukua funguo akaenda zamu bila kuaga.

Kuondoka kule kulimkosesha mkewe raha. Asubuhi hiyohiyo alimfuata mhasibu wa hospitali ofisini kwake, akamuuliza kuhusu makato yale.

"Shemeji, mumeo hajakudanganya," mhasibu alisema. "Fedha zake zimehesabiwa kana kwamba amezipata zote mwezi huu, na mapato yakipanda, kiwango cha kodi nacho hupanda. Lakini hizi ni za miaka minne. Sheria yetu inamruhusu aombe fedha za kila mwaka zikatwe kodi kwa kiwango cha mwaka huo. Nilimwambia jana, akasema hana nguvu ya kufuatilia."

Alimkuta mumewe nyuma ya hospitali, anaosha machela.

"Baba watoto, nimekukosea."

Mume aliendelea kusugua. "Ulidhani nina mwingine?"

"Nilidhani hivyo."

Alifunga bomba. "Basi hilo ndilo lililoniuma. Kodi ningeizoea."

Jioni waliandika ombi pamoja. Baada ya miezi kadhaa sehemu ya fedha ilirudi, wakaezeka vyumba viwili. Lakini kila mshahara ulipoingia, mume alimpa mkewe simu aone mwenyewe, na mkewe akairudisha bila kutazama.