Kabeji Siku ya Idd

Zainab alikuwa na tabia ya kucheka pasipotakikana. Aliwahi kucheka matangani, akacheka hata siku ya posa yake mwenyewe, na mama yake akamwonya kwamba ipo siku kicheko hicho kitamponza. Siku yenyewe ilipofika, katika mahakama moja ya Thika, mambo yakawa kinyume.

Kesi haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Mdogo wake, Yahya, alikuwa fundi rangi hodari mpaka alipoanguka kutoka ghorofa ya pili kule Gatongora akavunjika shingo. Tangu hapo hahisi chochote kuanzia kifuani kwenda chini, na mikono haimtii. Ulimi tu ndio uliobaki mzima, tena ukazidi makali. Mtu wa hali hiyo sharti ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachunika na kuoza. "Mimi ni chapati," Yahya alipenda kuwaambia wageni. "Mkinisahau upande mmoja, naungua."

Basi wakamsahau. Zainab, mjane mwenye duka la mapazia, alikuwa amempeleka katika makao ya wagonjwa huko Membley, nyumba safi yenye maua getini na meneja mtanashati aitwaye Byron. Siku ya Idd alimchukua alfajiri, akamvisha kanzu mpya juu ya nguo alizokuja nazo, akamlaza sebuleni kwake Majengo. Jioni, alipomvua ili amrudishe, aliona kidonda mgongoni chini, kirefu cha kuingia kidole gumba. Alipompigia simu kuuliza, Byron alijibu kwa upole mwingi. Kwao mgonjwa aligeuzwa bila kukosa, alisema, na karatasi zipo. Kama ana kidonda, amekipata kwa dadake.

Maneno hayo yalimchoma Zainab kuliko alivyotaka mtu ajue. Ukweli ni kwamba siku ile ya Idd watu walimiminika, vicheko vikapanda, pilau ikazunguka, na kuanzia swala ya asubuhi mpaka magharibi hakuna aliyekumbuka kumgeuza Yahya. Daktari alimweleza kwamba kidonda cha namna ile hakichimbiki kwa siku moja. Lakini dhamira haisikii daktari. Alimhamishia Yahya kwake, akabandika karatasi ukutani, na kila alipomgeuza alitia sahihi na saa, na jirani akatia sahihi chini yake. Yahya aliitazama karatasi ile, kisha akageuza macho.

Wakili wao, Ndunge, alipopata rekodi za makao alimwita Zainab azisome. Zainab alikataa. Aliogopa kukuta humo kosa lake limeandikwa. Ndunge akazisoma peke yake mara tatu, asione ila.

Mahakamani, Yahya alitangulia kutoa ushahidi akiwa katika kiti chake cha magurudumu. Wakili wa makao akamuuliza: mtu asiyehisi mwili wake alijuaje kwamba hakugeuzwa?

"Macho yangu hayajapooza," Yahya akasema. "Ukinigeuza naona mlango. Mimi niliona dirisha, kutoka asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku."

Wakili akasema hiyo ni hadithi, na kwamba mahakama hufuata maandishi. Zainab akauona uso wa nduguye ukikunjamana. Kuitwa kilema alikuwa amezoea, ila kuitwa mwongo hakukuzoea.

Ndipo Byron akapanda kizimbani na faili lake, akasoma juma la mwisho kwa sauti ya mtangazaji. "Jumatano: mgonjwa yuko kwa dadake, sikukuu ya Idd. Alhamisi: saa mbili asubuhi kushoto, saa nne kulia, saa sita chali. Chakula cha mchana ugali na kabeji. Amemaliza yote."

Zainab akaangua kicheko. Ndunge akamvuta nguo, asisikie. Hakimu akavua miwani, akamwambia ama atoke nje au aiambie mahakama kinachochekesha.

"Mheshimiwa, Jumatano ni kalenda ndiyo ilisema," Zainab akasema, akifuta machozi. "Mwezi haukuonekana. Tulifunga siku ya thelathini, na Idd tukaisali Alhamisi, Majengo nzima. Hiyo saa sita Yahya alikuwa kwangu na sahani ya pilau. Kabeji hata hali."

Ndunge, mtoto wa kanisa tangu Kitui, alimkodolea macho. Kwake yeye Idd ilikuwa ile tarehe nyekundu kwenye kalenda. Byron naye hivyo hivyo. Akajaribu kusema pengine tarehe zilichanganywa, lakini kabla hajamaliza Yahya akapaza sauti kutoka kitini.

"Na hiyo Jumatano nilikuwa wapi, Byron? Maana mimi nilikuona."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Byron ilikuwa ya siku moja tu. Alikiri kwamba karatasi zilijazwa Jumatatu, za juma zima, ili kurahisisha kazi. Hakimu aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Siku ya hukumu, hakimu alisema makao yalimtelekeza mgonjwa, na kwamba Yahya alikuwa shahidi mkweli. Neno hilo "mkweli" Yahya alimtaka Zainab alirudie njiani mara nne. Majengo sufuria zilikuwa tayari motoni, na sebule ikajaa kama siku ile ya Idd.

Saa mbili zilipopita Zainab akamgeuza, akachukua kalamu kwenda ukutani.

"Dada Zai," Yahya akamwita. "Toa hiyo karatasi."

Zainab akasema itamlinda yeye siku nyingine watu wakimlaumu.

"Siku ya Idd ulinisahau, najua, nilikuwa hapo. Nilikuwa naona watu, nikanyamaza, sikutaka kugeuzwa niangalie ukuta. Hilo si kosa lako. Ukitaka kujua kama nimegeuzwa, niulize mimi."

Zainab alisimama na kalamu mkononi, machozi yakimtoka bila haya. Kisha akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia chini ya sufuria ya pilau isiunguze meza.

"Na sasa nimegeuzwa vibaya," Yahya akaongeza. "Naona friji."