Kengele Nyuma ya Baiskeli

Niliahidi sitasema tena neno juu ya ile baiskeli, na ahadi naitunza. Kuandika sikuahidi. Kwa hiyo wewe mama mwenye binti aliyenunua baiskeli ya mbio, soma polepole mpaka mwisho, halafu fanya kinyume cha yote tuliyofanya nyumbani kwangu.

Binti yangu anaitwa Maëlle. Nimemlea kwa supu na maziwa, nimemfunga skafu shingoni mpaka mwezi wa tano baridi ikishaisha, akakua vizuri na meno yake yote. Halafu akapata kazi mjini, na shukrani yake kwa supu zote zile ikawa kununua baiskeli nyepesi mpaka ukiiegemeza ukutani unaogopa upepo. Tairi zake nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Juu ya kitu hicho, kila akija kututembelea, mwanangu hupanda kilima kwa njia ya msituni, akifika kwenye kikanisa cha juu anageuza, anateremka kwa barabara ya mashambani katikati ya mizabibu, kona juu ya kona, mpaka mlangoni kwetu. Hayo anayaita mapumziko.

"Uzuri wake ni ule ukimya, mama," aliniambia. "Hakuna gari, hakuna mtu. Unasikia tairi na ndege tu."

"Makaburini pia kuna ukimya," nikamwambia. "Na ndege wapo."

Mwaka mzima nilivumilia, maana yake nilisema asubuhi na jioni tu. Lakini ukafika msimu wa kuchuma zabibu, na mtu aliyezaliwa kwenye vilima hivi vya divai vya Beaujolais anajua barabara yetu inavyokuwa msimu huo. Trekta zinachomoka kwenye mistari ya mizabibu bila kuuliza, na dereva kaziba masikio kwa ajili ya ngurumo. Matela yanadondosha zabibu, magurudumu yanazisaga, lami inakuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Katikati ya hayo anashuka mtu asiyetoa sauti hata ya paka. Kweli, mapumziko.

Usiku ule tukiwa mezani nikalisema tena. Maëlle akaweka uma chini.

"Mama, tuwekeane sharti. Kesho nateremka. Nikirudi na mkwaruzo hata mmoja, baiskeli inapanda darini na siigusi tena. Nikirudi bila mkwaruzo, wewe hunisemi tena. Maisha."

"Maisha ya nani? Maana yako kwa mwendo huo hayatafika mbali."

"Unakubali, hukubali?"

"Nakubali. Lakini ubebe kitu cha kupiga kelele, wenye trekta wakusikie."

"Kitu gani, mama? Jogoo?"

Hapo mume wangu, Anselme, ambaye mezani hufungua mdomo kuomba haradali tu, akainua kichwa. "Mimi ninacho," akasema.

Laiti angeomba haradali.

Akatoka, akarudi na kengele ya shaba iliyokuwa imening'inia kwenye ukuta wa ghala letu la divai tangu enzi za babu yake. Haikuwa imelia tangu magoti ya Anselme yalipogoma tukamkodisha jirani yetu Perrachon mizabibu yote. Akaipangusa kwa mkono wa shati, akaifunga kwa waya nyuma ya kiti cha baiskeli, akarudi nyuma kuitazama kama mtu aliyejenga daraja.

"Hii hata kiziwi ataisikia," akasema.

"Baba, nitaonekana ng'ombe."

"Ng'ombe hawagongwi," nikasema mimi. "Ndiyo maana wanavaa kengele."

Sasa ngoja nikukumbushe kengele ile ilikuwa ya kazi gani, maana sisi watatu tuliozaliwa hapa hatukukumbuka. Ilikuwa ya kuwaita wachumaji kwenye kifungua kinywa cha shambani. Na kwetu kengele ya kula ina nguvu kuliko sheria ya serikali. Ikilia, mkasi unashuka. Hata kama umeshika kishada mkononi, unakiachia kikining'inia. Tajiri atakayemwambia mchumaji "malizia hicho kimoja" baada ya kengele, mwakani atachuma yeye na mkewe. Anselme mwenyewe katika ujana wake alikuwa akitupa mkasi kabla kengele haijamaliza mlio wa kwanza. Mtu huyohuyo ndiye aliyeitazama ile shaba na kuona chombo cha usalama.

Asubuhi Maëlle akaondoka. Njia ya msituni ni laini na mlima ni mkali, akaenda taratibu, kengele ikanong'ona tu, wakaisikia kunguru. Mimi nikasimama getini. Kutoka getini kwetu unauona mteremko wote isipokuwa kona moja, ile iliyo chini ya ukuta wa Perrachon, na bila shaka hiyo ndiyo kona mbaya kuliko zote.

Wachumaji wa mashamba yote walikuwa wameinama, migongo tu inaonekana. Hawakuwa na muda mrefu tangu waanze, umande ulikuwa bado kwenye majani. Nikaiona nukta ya njano ikitokea kwenye kikanisa. Ni fulana yake. Halafu akaingia kwenye lami iliyochimbuliwa na trekta, na kengele ikalia.

Nisikilize, ililia vizuri. Anselme alikuwa ameipangusa. Bonde likaipokea, likairudisha upande wa pili, mpaka ikawa kila shamba lina kengele yake.

Shamba la juu kabisa, migongo ikanyooka. Halafu shamba linalofuata. Vichwa vikaibuka kati ya mizabibu kama uyoga baada ya mvua. Hakuna aliyetazama jua, maana ni mtu gani ainame na njaa halafu aibishie kengele? Wakaweka mikasi kwenye ndoo, wakashika njia ya barabarani wakicheka. Na madereva, ambao masikio yao hayajawahi kusikia honi, wakaona wenzao wanakwenda kula, wakageuza trekta zote na matela yake wakaingia barabarani. Barabara iliyokuwa kimya ikajaa kama siku ya gulio, kutoka ukuta wa Perrachon mpaka karibu na kwangu. Na kadiri mwanangu alivyoshuka kwa kasi, ndivyo kengele ilivyozidi kuwaita.

Nukta ya njano ikaingia kwenye ile kona. Kengele ikakatika.

Sitakudanganya kwamba niliomba dua. Nilikimbia. Nilipanda kile kilima kwa ndala za jikoni, moja ikabaki njiani, na kila hatua nilikuwa nasema jina lake bila sauti, maana sauti sikuwa nayo. Watu wakanipisha. Kupishwa hivyo ndiko kulikonimaliza.

Nikamwona ameketi barabarani, miguu mbele kama mtoto. Alikuwa mwekundu. Kichwa, shingo, mikono, mpaka magotini, mwekundu unaotiririka. Nikapiga magoti mbele yake, nikashindwa nimshike wapi.

"Mama," akasema, "ni zabibu."

Breki zilishika, lakini gurudumu liliteleza kwenye uji wa zabibu, likamtupa ubavu ndani ya tela la Perrachon lililojaa mpaka juu. Alizama humo mpaka kichwani. Wachumaji walimtoa kama mtoto kwenye beseni.

Ningemkumbatia. Badala yake nikamfuta uso kwa aproni, nikaanza kumkagua. Viwiko. Magoti. Viganja. Kidevu.

"Unatafuta nini, Mama Maëlle?" akauliza mchumaji mmoja.

"Mkwaruzo," Maëlle akamjibu. "Akiupata hata mmoja, baiskeli inakwenda darini."

Basi wakakusanyika wote. Hawakuwa na kazi nyingine, kengele ilikuwa imelia. Perrachon alikuwa anazunguka akiwasihi warudi shambani, zabibu zitapigwa na jua, jamani. Wakamwonyesha mikono mitupu. Kengele ni kengele, mzee. Mkewe, Philiberte, akatoka jikoni kwao, nyuma ya ukuta, na mwiko mkononi.

"Nani aliyewaita?" akasema. "Soseji ndiyo kwanza naziweka majini. Mnataka niaibike?"

Wakati huo huo nikaona kitu kwenye shingo ya mwanangu, chini ya sikio. Uvimbe mwekundu, mkubwa kama punje ya zabibu.

"Hiki hapa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imerudi yote. "Jeraha hili hapa. Darini."

Yule mchumaji akainama, akatazama kama daktari. "Huyu ni nyigu, mama."

"Ameumia au hakuumia?"

"Ameumwa. Sharti mliwekeana la kuumwa?"

"La mkwaruzo," akasema Maëlle upesi.

"Nyigu hakwaruzi," akasema mwingine, na wote wakatikisa vichwa kama baraza la wazee, midevu imejaa makombo ya mkate waliokuwa wameuficha mifukoni. Wakapiga kura kwa mikono. Philiberte ndiye pekee aliyeniunga mkono, na mwiko wake wakakataa kuuhesabu.

Hapo ndipo alipofika Anselme, akipanda polepole kwa ajili ya magoti, ndala yangu mkononi. Shavu moja limejaa. Alikuwa anatafuna.

"Baba Maëlle," nikamwambia, "unakula nini?"

Akameza. "Soseji kidogo," akasema. "Nilisikia kengele."

Watu walicheka mpaka Perrachon naye akakaa kwenye ukuta wake akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mkono wa mwanangu, unanata kwa zabibu. Sikuuachia mpaka nyumbani.

Ahadi ni ahadi. Kengele imerudi ukutani, safari hii imejazwa matambara. Basi, mama mwenzangu, ukiwekeana sharti na binti yako, usiseme mkwaruzo tu. Taja na nyigu, na vitu vyote vyenye mwiba. Na mumeo akisema "mimi ninacho", mpe haradali.

Leo kabla ya chai Maëlle ametoka tena na baiskeli. Nilisimama getini, nikafunga mdomo kama nilivyoahidi, yeye akanipungia mkono, akapotea kwenye njia ya msituni. Tangu hapo nasikiliza. Hakuna gari, hakuna mtu. Ndege wapo.